Sheria ya miti yakwama kabla ya kufika Mashimoni

MTI wa mugumo ulio kando ya barabara ya Waiyaki, Westlands, uliponea chupuchupu mwaka wa 2020. Ulikuwa umepangiwa kung'olewa ili kupisha ujenzi wa barabara ya Nairobi Expressway. Wanamazingira walipopinga, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo la kuulinda, nalo likasomwa Novemba 11 na Meja Jenerali Mohamed Badi, aliyesimamia huduma za jiji wakati huo.

Miaka miwili awali, Julai 2018, matingatinga yalikuwa yameingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha barabara za Ngong na Lang'ata. Nyumba na shule zilibomolewa, Mashimoni ikiwa miongoni mwa vijiji vilivyoathiriwa. Mjadala ulihusu maelfu waliokosa makao, na ndivyo ilivyostahili. Miti haikuwa na nafasi katika mazungumzo hayo.

Tofauti hiyo haitokani na uhaba wa sheria. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Sheria ya Misitu ya 2005 ilimpa Rais uwezo wa kutangaza mti wowote kuwa wa kulindwa, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na sheria mpya ya 2016.

Tatizo ni kwamba ulinzi wa mti hufuata hati ya ardhi. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, na Wangari Maathai alipokabiliana na wanyakuzi mwaka wa 1999, hata akajeruhiwa, alikuwa na tangazo hilo la kusimamia. Mpangaji wa Mashimoni hana tangazo wala hati, na aghalabu anayempokea kodi ya nyumba hana pia. Mti ukikatwa ukingoni mwa mto, nani alipaswa kuomba kibali, na nani ashtakiwe?

Inashangaza zaidi ikikumbukwa kwamba jina Kibera linatokana na neno la Wanubi, kibra, yaani msitu. Wanubi wenyewe, ambao wazee wao waliwekwa huko na serikali ya kikoloni baada ya utumishi wa jeshi, walisubiri hadi Juni 2017 kupata hati ya ekari 288 pekee.

Suala hili si la urembo wa mtaa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipozikumba nyumba za kando ya mito jijini, Serikali iliamuru wakazi waondoke umbali wa mita 30 kutoka ukingoni. Mizizi ndiyo hushikilia udongo wa kingo hizo. Ukanda uliohamwa ukiachwa bila miti iliyoorodheshwa kisheria, utageuka jaa la taka, au atajitokeza mtu mwenye hati ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Serikali imeahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Miche huhesabika kwa urahisi, hasa mbele ya kamera. Kazi ya kaunti, ambayo Katiba imeikabidhi mipango ya ardhi, ni kuhesabu miti ambayo tayari imesimama kando ya vijito vinavyotiririkia Bwawa la Nairobi, na kuipa namba kwenye ramani kabla mpima ardhi mwingine hajafika na vigingi vyake.