Mguu bandia haununuliwi kama viatu vya sokoni: kwa nini Bunia inahitaji mahali pa kupimia

BUNIA – Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, miji mingi ya Kongo huona sherehe zinazofanana. Wakubwa hutoa hotuba, picha hupigwa, halafu magongo na viti vya magurudumu hugawiwa. Mwenye kupewa hushukuru na kurudi nyumbani. Swali linaloulizwa mara chache ni hili: je, kifaa hicho kinamtosha?

Katika jimbo la Ituri swali hilo si dogo. Mapanga ya washambuliaji, risasi, ajali za pikipiki na vidonda vilivyochelewa kutibiwa vimeacha watu wengi bila mguu au mkono. Wapasuaji huokoa maisha. Lakini baada ya kidonda kupona, kuna kazi nyingine ambayo haionekani sana: kumpima mtu, kumtengenezea kifaa cha mwili wake, na kumpima tena mwili unapobadilika. Kazi hiyo ndiyo inayoamua kama aliyeokolewa atarudi shambani, sokoni na shuleni, au atabaki amekaa kivulini mbele ya nyumba.

Somo kutoka uwanja wa golfu

Ili kuelewa maana ya kupimiwa, mfano mmoja unatoka mbali kabisa na vita. Ng'ambo ya mpaka wa Aru, mji wa Arua nchini Uganda una uwanja wa golfu. Kampala na Nairobi vimo vingi, na vingine vilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mchezaji wa golfu anaruhusiwa kubeba fimbo 14, na kati yake zimo fimbo fupi zinazoitwa weji, za kuinua mpira kutoka kwenye mchanga au majani marefu.

Mchezaji mwenye uwezo hanunui weji kwa kukisia. Fundi humpima urefu wa mwili na umbali kati ya kifundo cha mkono na ardhi. Humpigisha mipira juu ya ubao mgumu huku utepe ukiwa umebandikwa chini ya fimbo, na alama inayobaki kwenye utepe inaonyesha kama pembe ya fimbo inalingana na mwili wake. Kisha fundi huuliza juu ya ardhi anayochezea. Kwenye ardhi ngumu, sehemu ya chini ya fimbo inatakiwa kuwa na mwinuko mdogo ili isidunde. Kwenye mchanga laini, mwinuko mkubwa huizuia isizame. Kosa la nyuzi mbili au tatu tu linatosha kuupeleka mpira pembeni.

Hakuna anayeshangaa mchezaji kupimiwa hivyo, hata kama hasara yake ikikosewa ni pointi chache tu. Fundi wa miguu bandia naye anauliza maswali yale yale: urefu gani, pembe gani, ardhi gani. Tofauti ni kwamba kwake kosa la nyuzi mbili au tatu huleta maumivu ya goti na mgongo, na kidonda kwenye kigutu. Mwishowe kifaa kinatupwa chini ya kitanda.

Kazi inavyofanyika

Kutengeneza mguu bandia huanza kwa plasta. Fundi hufunga kigutu kwa bendeji yenye plasta ili kupata umbo lake kamili. Ndani ya umbo hilo humimina plasta nyingine, akapata mfano wa kigutu chenyewe. Mfano huo hurekebishwa kwa mkono: sehemu zinazoweza kubeba uzito hubanwa, na sehemu za mfupa zenye kuuma huachiwa nafasi. Baadaye bamba la plastiki aina ya polipropilini huchomwa kwenye oveni mpaka lilegee, likafunikwa juu ya mfano huo. Hapo hupatikana kikombe ambamo kigutu kitaingia. Kikombe huunganishwa na mpini na wayo.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR) ndiyo iliyoendeleza mbinu hiyo ya polipropilini kwa ajili ya nchi zenye vita na umaskini. Plastiki hiyo ni nafuu, haiozi kwa unyevunyevu, na inaweza kuyeyushwa upya. Kwa mtu anayelima matopeni Djugu au anayevuka mito ya Irumu, sifa hizo si jambo la kupuuza.

Lakini hata kikombe kikiwa kizuri, kazi haijaisha. Mgonjwa husimama kati ya vyuma viwili, akapiga hatua, na fundi hutazama. Je, nyonga inapanda? Je, goti linakwenda nje? Skurubu hulegezwa, pembe hubadilishwa, mgonjwa hutembea tena. Hilo huchukua siku, wakati mwingine wiki, pamoja na mazoezi.

Baada ya hapo kuna saa inayoendelea kupiga. Katika miezi ya kwanza baada ya kukatwa, kigutu hupungua unene, na kikombe kilichokuwa kinabana kinaanza kucheza. Mtoto anayekua anahitaji kubadilishiwa kifaa kila baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja. Mtu mzima hukaa na kifaa chake miaka mitatu hadi mitano, kutegemea kazi anayofanya. Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka saba anaweza kuhitaji miguu kumi au zaidi kabla ya kuwa mtu mzima. Kwa hiyo kumsaidia mara moja, hata vizuri, ni kumsaidia kwa mwaka mmoja.

Njia iliyokatika

Mashariki mwa Kongo, vituo vinavyojulikana zaidi kwa kazi hii viko katika Kivu mbili: kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma na kituo cha Heri Kwetu mjini Bukavu. Vyote viwili vimepata msaada wa CICR kwa miaka mingi. Kwa mtu wa Bunia, safari ya Goma ilikuwa ngumu tangu zamani. Barabara ya Komanda kuelekea Beni ni kati ya zile ambazo waasi wa ADF wameshambulia mara kwa mara. Komanda yenyewe ililia tena mwezi Julai 2025, waumini zaidi ya 40 walipouawa katika shambulio dhidi ya kanisa. Kwa hiyo ndege ilikuwa njia ya usalama, kwa yule mwenye pesa au aliyelipiwa na shirika.

Mwisho wa Januari 2025 M23 ilichukua Goma, na uwanja wa ndege wa mji huo ukafungwa. Mwezi wa pili Bukavu nayo ikaanguka. Kwa wiki chache tu, miji miwili yenye ujuzi wa kupima na kutengeneza viungo bandia ilijikuta upande mwingine wa mstari wa vita. Miezi ile ile, Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika mengi ya kibinadamu yakapunguza kazi.

Wakati huo majeruhi wa Ituri hawakupungua. Mjini Bunia, kliniki ya Salama inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) imepokea wahanga wa mashambulizi ya Djugu na maeneo mengine, wakiwemo watoto na wanawake waliokatwa kwa mapanga. Upasuaji upo karibu na uwanja wa vita. Kupimiwa kiungo bandia kumebaki mbali. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo tatizo la leo.

Gongo lisilopimwa nalo huumiza

Wengi hawatapata mguu bandia kesho. Watatembea kwa magongo. Na hapa pia kipimo kinahesabika. Gongo la kwapani likiwa refu kupita kiasi, mtu hulilalia kwa kwapa, na mishipa ya fahamu inayopita hapo hubanwa. Mkono huanza kufa ganzi. Mtu aliyepoteza mguu anaweza hivyo kupoteza pia nguvu za mkono.

Kanuni ni rahisi, na jamaa yeyote anaweza kuiangalia. Mtu akiwa amesimama wima, kuwe na nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na kichwa cha gongo. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono mkono ukiwa umening'inia, ili kiwiko kikunjike kidogo anaposhika. Uzito ubebwe na viganja, si kwapa. Gongo la mbao lililo refu linaweza kukatwa kwa msumeno na kuwekewa mpira mpya chini, kama ule wa tairi kuukuu.

Kiti cha magurudumu nacho kina sheria zake. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti hivyo kwa nchi zenye uwezo mdogo, likisisitiza kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe, na afundishwe kukitumia. Kwa aliyepooza na asiyehisi makalio, kiti kipana bila mto unaofaa huleta vidonda vinavyoweza kuua. Zawadi iliyotolewa kwa moyo mzuri inageuka kuwa hatari.

Ripoti ya OMS na UNICEF ya mwaka 2022 inasema watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, na karibu bilioni moja hawakipati. Katika nchi maskini zaidi, wanaopata ni wachache kama asilimia 3 tu ya wenye mahitaji.

Sheria ipo, pesa ziko wapi?

Kongo haikosi maandishi. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi. Mwaka 2015 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ilitangazwa sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu hao. Ituri, hata hivyo, imekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na hoja inayosikika ni kwamba usalama kwanza, mengine baadaye.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Vita vyenyewe ndivyo vinavyozalisha walemavu, kwa hiyo kuwahudumia ni sehemu ya gharama ya vita. Hata askari anajeruhiwa. Kituo cha kupimia kingewafaa wote.

Pesa za kuanzia zinaweza kutafutwa sehemu mbili zilizoundwa kwa ajili ya wahanga. Ya kwanza ni FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia kwa wahanga, uliozaliwa na sheria ya Desemba 2022 na unaopewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Ituri ni nchi ya dhahabu, na wahanga wake ni wengi. Ya pili ni fidia za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI). Katika kesi ya Bosco Ntaganda, majaji waliweka mwaka 2023 kiasi cha dola milioni 31.3 kwa ajili ya wahanga, na matibabu ya kurekebisha mwili ni kati ya mambo yaliyokusudiwa. Lakini fidia ya CPI inawafikia wahanga wa makosa yaliyohukumiwa tu, hasa ya miaka ya 2002 na 2003. Aliyekatwa mkono mwaka 2025 hayumo. Yeye anaitegemea serikali yake.

Kisichohitaji kusubiri amani

Mashine siyo kikwazo kikubwa zaidi. Oveni, pampu ya kufyonza hewa, plasta na mabamba ya plastiki vinaweza kufika kupitia Uganda, kwa Mahagi, Aru au Kasenyi, njia zile zile zinazoleta bidhaa nyingine za Bunia. Kinachokosekana zaidi ni mkono wa fundi. Shule ya TATCOT mjini Moshi, Tanzania, imefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981. Vijana wawili au watatu wa Ituri waliopelekwa huko kwa masharti ya kurudi wangebadilisha hali kwa miaka mingi, mradi walipwe mshahara wa kuwafanya wabaki.

Wakati huo ukisubiriwa, hatua mbili zingeweza kuanza mapema. Hospitali zinazokata viungo zinaweza kuweka orodha moja ya waliokatwa, yenye umri, sehemu iliyokatwa na mahali wanapoishi, kwa sababu hakuna mpango unaoweza kupangiwa bajeti bila hesabu. Na kila shirika linalogawa magongo au viti linaweza kuombwa jambo moja: lilete pia mtu wa kupima. Msumeno, kamba ya kupimia na nusu siku ya mafunzo kwa wauguzi si gharama ya kulilemea shirika lolote.

Mcheza golfu wa Nairobi akikosea pembe ya weji yake, atarudi kwa fundi wiki ijayo. Mtoto wa Djugu ambaye mguu wake bandia umekuwa mfupi hana fundi wa kurudia. Mfupa wake hausubiri mazungumzo ya amani, na kila mwezi unaopita unarefuka.