Msaliti wa Jana, Mgombeaji wa Leo



Kila uchaguzi unapokaribia, husikika katika Migori na Homa Bay tuhuma isiyodaiwa ushahidi: kwamba fulani "ametumwa". Haulizwi ametumwa na nani wala kufanya nini. Neno hilo hutamkwa mazishini, jeneza likiwa mbele ya msemaji, na tangu hapo yule aliyetajwa si mshindani tena bali ni msaliti wa jamii. Sera zake hazisikilizwi. Rekodi yake haichunguzwi.

Sisi tuliozoea mahakama hupima tuhuma kwa yanayoifuata. Mwaka 2013 Okoth Obado alimshinda mgombeaji wa ODM kwa tiketi ya PDP, akawa gavana wa kwanza wa Migori. Mwaka 2017 alikitetea kiti kwa tiketi ya ODM yenyewe. Ochillo Ayacko, aliyepambana naye mwaka huo akiwa mgombeaji huru, alipeperusha bendera ya ODM katika uchaguzi mdogo wa useneta wa mwaka 2018. Eddy Oketch, aliyeshindwa na Ayacko katika uchaguzi huo akiwa wa chama kingine, aliingia Seneti mwaka 2022 kupitia ODM. Huko Homa Bay, Oyugi Magwanga alimpinga gavana Cyprian Awiti wa ODM mwaka 2017, na kesi yao ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 2022 Magwanga huyo huyo akachaguliwa kuwa naibu wa Gladys Wanga, kwa tiketi ya ODM.

Hatuwalaumu kwa kuhama, kwani Katiba inawaruhusu. Lakini usaliti, kama ulikuwapo, ulioshwa na nini? Tiketi ya chama haina maji ya ubatizo.

Mchezo huu si mgeni. Serikali ya KANU iliipaka KPU ya Jaramogi Oginga Odinga rangi ya ukomunisti, kisha ikaipiga marufuku mwaka 1969. Katika miaka ya 1990 kuitwa mtu wa KANU kwetu lilikuwa tusi, mpaka NDP ilipojiunga na KANU hiyo hiyo Machi 2002. Na Agosti 2024 John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM na mbunge wa zamani wa Suba Kusini, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya William Ruto, ambayo mwaka 2022 tuliambiwa tuiogope. (Wapinzani wa ODM nao hawana usafi: kwao kila mteule wa chama ni kibaraka.)

Kinachopotea ni swali la mpiga kura. Tukibishana nani katumwa, haulizwi mtu kuhusu dawa zahanatini, wala usalama wa vijana wanaochimba dhahabu Nyatike.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinamtaka kila atumiaye uhuru wa kusema aheshimu haki na sifa za wengine. Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, ambao kipaza sauti cha mazishi ni chao: kabla ya Agosti 2027, atakayesema mwenzake ametumwa aulizwe ushahidi papo hapo. Akikosa, kipaza sauti kirudishwe kwa familia ya marehemu.