Mnajua Hatuna Kazi, na Bado Mnatupiga Faini

Wiki haiishi bila mtu mzima mwenye mshahara na gari la serikali kusimama mbele ya maiki na kutuambia shida yetu ni kozi tulizosoma. Eti tulikimbilia digrii zisizo na soko. Eti tungeenda kujifunza ufundi. Eti vijana wa siku hizi wanachagua kazi. Halafu makofi yanapigwa, hasa na wale ambao watoto wao hawajawahi kukesha saiba wakijaza fomu ya KUCCPS.

Basi leo tuongee kuhusu hiyo kozi. Tena pole pole, juu kuna wasee wako fomu foo sai wanasoma hii wakiwa wameficha simu chini ya blanketi, na wao ndio wanafuata kudanganywa.

Anza na hesabu. Kwenye KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ kwenda juu, alama ambayo serikali yenyewe imesema inatosha kuingia chuo kikuu. Mwaka wa 2016, ule wa Matiang'i, walikuwa 88,929. Sasa chukua ripoti ya uchumi ya KNBS iliyotoka 2025. Inasema mwaka wa 2024 nchi hii ilipata kazi mpya 782,300. Inasikika poa, sivyo? Endelea kusoma. Kati ya hizo, 703,700 ni za jua kali. Zile kazi za kuandikwa, zenye karatasi ya mshahara mwisho wa mwezi, zilikuwa kama 78,600. Nchi nzima. Na hizo ni za kila mtu: mwenye digrii, mwenye diploma, mwenye cheti, na yule aliyeachia shule njiani.

Na usisahau venye hizo 703,700 zinapatikana. Ukikosa kazi miaka miwili, ukakopa kwa mathe, ukanunua toroli ya kuuzia mayai na smoki pale stejini, hongera, serikali imeshakuhesabu kama kazi mpya. Wewe ndiye umejitafutia, wao ndio wanaisoma kwenye hotuba. Halafu kanjo anakuja jioni anabeba toroli.

Kwa hivyo hata kama kila mmoja wa wale 246,391 angeamka siku moja na hekima ya Suleimani na kuchagua kozi "yenye soko", hesabu bado inakataa. Huwezi kumlaumu mtu kwa kukosa kiti wakati viti ni vitatu na watu ni kumi. Unaweza kumlaumu aliyeleta viti vitatu.

Turudi kwa nafasi za chuo, juu uongo unaanzia hapo. Tunaambiwa nafasi ni chache, na papo hapo tunaambiwa wasomi ni wengi kupita kiasi. Zote mbili zinawezekanaje? Zinawezekana kwa sababu nafasi zilifunguliwa pale ambapo kufungua ni bei rahisi. Mwaka wa 2010 tulikuwa na vyuo vikuu 7 vya umma. Leo vimepita 30. Darasa la kozi ya maneno linahitaji nini? Ukumbi, maiki, na mhadhiri wa mkataba ambaye hajalipwa tangu muhula uliopita. Jaza watu 400, wengine wasikilize kutoka dirishani, na hilo linaitwa darasa. Darasa la udaktari linataka maabara, maiti za kujifunzia, hospitali ya kufundishia na madaktari wa kufundisha. Hiyo ni pesa. Kwa hivyo hapo nafasi zikabaki finyu, na kila mwaka alama za kuingia zinapanda kama bei ya unga.

Ndiyo maana mtu ana A-, ameandika udaktari, famasia na uuguzi kwa fomu, halafu anaitwa kusomea kitu ambacho hata jina lake lazima aulize. Mtaani wanamwambia nenda tu, bora umeitwa. Anaenda. Miaka minne baadaye mtu mwingine wa serikali ileile anamuuliza kwa nini alichagua kozi isiyo na soko. Buda, nani alichagua?

Pia ilikuwa biashara, na tusijifanye hatukuona. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mpango wa wanafunzi wa kujilipia karo kamili mwaka wa 1998, na vyuo vingine vikafuata mbio. Pesa ikaingia, matawi yakafunguliwa kwenye maghorofa ya mjini, juu ya maduka ya simu na chini ya makanisa. Alama zilipokazwa 2016, waliofaulu wakapungua, serikali ikawa inaweza kuwapangia wote nafasi, hata kwenye vyuo vya kibinafsi. Ule mfereji ukakauka. Leo vyuo vya umma vina madeni ya makumi ya mabilioni, na 2025 wahadhiri walikaa nje kwa zaidi ya mwezi wakidai pesa walizoahidiwa kitambo. Deni hilo halikuletwa na mtoto wa fomu foo.

Sikatai kuna kozi za ajabu. Zipo. Zina jina refu kama treni na ukimaliza hakuna tangazo la kazi litawahi kuliandika. Lakini kila moja ya hizo ilipitishwa na CUE, ikawekwa kwenye tovuti na KUCCPS, na HELB ikakukopesha pesa uisomee. Mihuri mitatu ya serikali. Ukinunua maziwa yenye alama ya KEBS na yakakuharibu tumbo, hatukuulizi kwa nini ulichagua maziwa mabaya.

Sasa tuwape wanachotaka. Tuseme tusome zile kozi ambazo nchi inazihitaji kabisa, bila ubishi. Ualimu. Udaktari. Hapa ndipo hadithi yao inaanguka.

Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, kuna shule zilipata mwalimu mmoja wa kufundisha karibu masomo yote. Mmoja. Wakati huohuo walimu waliosajiliwa na TSC na wasio na ajira walikuwa mamia ya maelfu. Serikali ikafanya nini? Ikachukua watu wenye digrii na namba ya TSC, ikawaita wanagenzi, ikawalipa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama ya kazi ikasema hiyo ni kinyume cha sheria, huwezi kumwita mwanagenzi mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa. Ilibidi watu wagome na waandamane ndipo waanze kupewa ajira ya kudumu mwaka wa 2025, na bado wanagenzi wengine wapya wakachukuliwa mlango wa nyuma. Binamu yangu ana digrii ya ualimu, Hisabati na Fizikia. Anaendesha boda. Abiria wake wa asubuhi ni wanafunzi wa shule ambayo haina mwalimu wa Fizikia. Anawapeleka hadi getini, anageuza.

Madaktari je? Hao ndio wale wa A, wale hubebwa juu juu na wazazi mbele ya kamera kila matokeo yakitoka. Wanasoma miaka sita. Wakimaliza lazima wafanye mwaka wa kazi hospitalini chini ya usimamizi ndipo wapewe leseni kamili. Mkataba wa 2017 ulisema daktari wa hatua hiyo alipwe 206,400 kwa mwezi. Serikali ikaja na 70,000, wengine wakikaa nyumbani kwa miezi wakisubiri kupangiwa hospitali. Mwaka wa 2024 madaktari wakagoma siku 56. Sasa nionyeshe mtu yeyote aliyelala kwenye foleni ya hospitali ya kaunti tangu saa kumi alfajiri, umwambie nchi hii haina kazi ya daktari.

Soko linaonekana kwenye ile foleni. Linaonekana kwa lile darasa lisilo na mwalimu. Kitu hakuna ni mtu wa kulipa. Sasa ukiniambia shida ni kozi, niambie: daktari naye angesomea nini?

"Nendeni mjifunze ufundi." Sawa, fundi namheshimu, fundi mzuri wa umeme anajua mambo kuliko nusu ya Bunge. Lakini nenda Indaa asubuhi yoyote usimame kwenye geti la kampuni. Utakuta vijana wa diploma za umeme na makanika wamepanga foleni na bahasha za khaki, wakingoja msimamizi atoke anyooshe kidole: wewe, wewe, wewe, wengine kesho. Hao ndio walifuata huo ushauri. "Basi jiajirini." Na nini? Hasla Fandi inaanzia 500. Shilingi 500 siku hizi hainunui hata jogoo mmoja wa kienyeji. Na ukichoka na hayo yote kuna Kazi Majuu, wakupeleke Saudia ama Qatar, digrii yako ibaki kwa sanduku chini ya kitanda cha mathe.

Lakini hayo yote tumeyazoea. Kuna kitu kimoja kinanichoma kuliko mengine, na sijui kwa nini hatukipigii kelele.

Ukimaliza chuo unapewa mwaka mmoja, kisha unatakiwa uanze kulipa HELB. Riba ni 4 kwa 100. Usipolipa, faini ni 5,000 kila mwezi. Piga hesabu: 60,000 kwa mwaka, ya kutokuwa na kazi. Kuna watu faini zao zinakaribia mkopo wenyewe. Halafu jina linapelekwa CRB, na mwajiri anayeangalia CRB anakuona mtu asiyeaminika. Umenyimwa kazi kwa sababu ya deni ambalo hujalilipa kwa sababu huna kazi. Na tangu mfumo mpya wa ufadhili utangazwe Mei 2023, karo zilipanda na watu wakagawanywa kwa bendi, kwa hivyo wanaokuja nyuma yetu watakopa zaidi. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 mfumo huo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Watajitetea vipi? Watasema hawawezi kujua nani hana kazi na nani anakwepa. Hapo ndipo nakataa kabisa.

Kila mwaka kabla ya Juni 30, sisi wasio na kazi tunaenda saiba tunajaza ritani za sufuri za KRA. Lazima, juu ukichelewa faini ni 2,000. Tunatangaza kwa serikali, kwa jina letu na namba ya kitambulisho: mwaka mzima sijapata kitu. KRA inapokea, inakupa na risiti. Serikali hiyohiyo, mlango wa pili, HELB, inakutoza 5,000 kila mwezi kana kwamba umeficha mshahara chini ya godoro. Mko na karatasi yetu! Mmepiga muhuri kwamba hatuna kitu!

Na si hayo tu. HELB inajua nani analipa, juu pesa inakatwa na mwajiri moja kwa moja. Inajua alisomea nini na wapi. KUCCPS inajua nani alipelekwa kozi gani. Ukiweka hizo daftari mbili pamoja unapata jibu la swali ambalo kila mtoto wa fomu foo anauliza: waliosomea hii kozi miaka mitano iliyopita, wangapi wana mwajiri leo? Tovuti ya KUCCPS inakuonyesha klasta, alama za mwisho za kuingia na jina la chuo. Hiyo namba moja haipo. Kama kweli shida ni sisi kuchagua vibaya, mbona mnatuficha kitu pekee kingetusaidia kuchagua vizuri? Mimi nadhani ni kwa sababu ikitoka, kozi zingine zitabaki bila mwanafunzi hata mmoja, na vyuo vinakula kwa idadi ya vichwa.

Kwa hivyo mambo ni mawili, na hayahitaji kamati ya miezi sita wala retriti ya Naivasha. Mtu akijaza ritani ya sufuri, faini ya HELB isimame mwaka huo, na jina lake lisiende CRB. Deni libaki, hakuna anayeomba kusamehewa deni. Na KUCCPS iweke kando ya kila kozi idadi ya waliohitimu wanaolipa mkopo kupitia mwajiri, kabla ya kufungua tena maombi.

HELB iliundwa na sheria ya 1995 iliyopitishwa na Bunge, kwa hivyo Bunge hilohilo linaweza kuibadilisha. Mbunge wako ana namba ya simu, na 2027 iko hapo tu. Akija kwenu kugawa basari na kupigwa picha na cheki kubwa ya kadibodi, usimuulize kuhusu ajira, hilo atalijibu kwa hotuba ya dakika ishirini. Muulize anapigia kura upande gani kuhusu ile 5,000.