Taulo si Dawa ya Kasuku Mkaidi

Mwandishi aliyewashauri wafugaji wa Thika na Ruiru wamkimbize kasuku wa kijivu kwa taulo jioni, au wamnyime chakula tangu asubuhi ili aingie tunduni, ametetea uvivu wa mwenye nyumba. Ndege hakatai kulala, anakataa kuonewa.

Porini, kasuku wa kijivu hurejea mitini kwa makundi jua linapotua. Kwetu jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima. Lakini katika fleti za Ruiru taa na televisheni huwaka hadi saa nne, kisha kasuku ndiye alaumiwaye kwamba hajui wakati! Punguza taa sebuleni, uache moja karibu na tundu. Karanga na mbegu za alizeti azikute humo tu, jioni tu. Mchana mlango uwe wazi, aingie na kutoka apendavyo, asilione tundu kama rumande.

Na je, kasuku huyo ana kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS)? Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini ni marufuku. Mwandishi hakuligusa hilo kabisa, na ndipo alipopaswa kuanzia.