Ku Kisangani, tulipe mwenye kujua muto, lakini muji tuutembelee na miguu yetu

Wakati muchimbaji anarudi nyumbani na falanga kidogo, mara nyingi jamaa inasema neno moja: twende Kisangani. Mama anataka soko, watoto wanataka kuona maporomoko ya Wagenia, baba mwenyewe anataka kupumzika na vumbi ya shimo. Kutoka hapa Yanonge ni kilometa karibu 60 za kupanda muto. Na mbele pirogi haijafunga ku bandari, swali limekwisha kuanza: tutafute mutu wa kutuonyesha muji na tumulipe, ao tutembee sisi wenyewe?

Kuna wenye kusema: “Kulipa mutu wa kukuonyesha fasi ni mambo ya mundele. Mimi mutoto wa Tshopo, nitalipa juu ya kuonyeshwa kwetu?” Wengine wanajibu: “Kisangani iko na komini sita. Ukifika na falanga bila mutu wa kukushika mukono, wajanja watakukula.” Wote wako na sehemu ya kweli. Maoni yangu ni haya: tulipe mutu mwenye kujua kitu sisi hatujui, fasi ile anaijua, saa ile tuko pale. Kisha tumuage. Sehemu ingine yote ya muji, tutembee wenyewe. Na mutu wa kutuonyesha njia asijue hata siku moja tuko na nini mu mufuko.

Wachimbaji wanaelewa jambo hili kupita watu wengine. Ukifika ku machimbo mapya, hauingii mu shimo juu tu uko na nguvu. Unatafuta muzee mwenye kujua udongo wa pale, mwenye kusikia ukuta unaanza kulia mbele uanguke. PDG wa shimo akikataa kulipa mutu kama yule, siku moja atalipa majeneza. Lakini ukitoka juu, hakuna mutu anakuongoza kwenda kununua mihogo. Elimu ya shimo inalipwa mu shimo. Kutembelea muji ni vilevile.

Tuanze na muto. Kati ya Ubundu na Kisangani, muto Kongo unapita maporomoko saba, mu kilometa karibu 100, na maji inashuka metre karibu 60 kwa jumla. Wagenia ni ya mwisho, pale pale ku mulango wa muji. Ukienda peke yako, utaona miti mikubwa imesimamishwa kati ya mawe, vikapu virefu vinaning'inia, vijana wanapanda juu ya maji ya hasira sawa vile wanapanda ngazi ya nyumba. Utapiga picha, utarudi. Haujaelewa kitu.

Muvuvi wa pale akikusimamia, atakufasiria kwa nini kinywa cha kikapu kinatazama upande ule. Atakuonyesha vile nguvu ya maji yenyewe njo inasukuma samaki ndani na kuikataza kutoka. Atakuambia kama kila fasi ya kutega iko na wenyewe, inatoka ku babu inafika ku mujukuu. Na jambo kubwa zaidi kwa mwenye kuja na watoto: atakuambia jiwe gani unaweza kukanyaga na jiwe gani iko na utelezi. Mutoto akianguka mu maji ile, kujua kuogelea mu kijito cha nyumbani hakutamusaidia. Falanga unampa muvuvi yule si sadaka. Ni malipo ya elimu, na pia ni heshima kwa watu ambao wageni wanakuja kuangalia kazi yao kila siku. Wewe muchimbaji, ungependa watu washuke mu shimo yako, wakupige picha, na waende bila hata kukusalimia?

Kwa hiyo, ku Wagenia mimi nasema: lipa. Lakini patana bei mbele ya kupanda pirogi, na uulize wazi: bei hii ni ya watu wangapi, picha iko ndani, kurudi kuko ndani? Fasi yoyote ya kutembelea, hapa ao ingine, ugomvi unatoka ku mambo ile watu hawakuongea mu mwanzo. Bei ya kuongea juu ya inchi kavu ni rafiki. Bei ya kuongea mu kati ya maji ni adui.

Wenye kuona haya ya kulipa muonyesha-njia, niwakumbushe historia. Stanley, ambaye jina lake lilibandikwa ku muji huu paka mu 1966, hakufika hapa kwa akili yake peke yake. Mu 1876 alipatana na Tippu Tip, mufanyabiashara wa Zanzibar, amusindikize na watu wake kutoka upande wa Nyangwe. Tippu Tip alimusindikiza sehemu ya njia, akarudi, na Stanley akafika ku maporomoko mwezi wa kwanza wa 1877. Yule aliyeandikwa mu vitabu kama mwenye “kuvumbua” alikuwa mutu wa kulipa watu wa njia.

Lakini historia ile iko na upande wa pili. Miaka kumi nyuma, mu 1887, Tippu Tip mwenyewe aliwekwa gavana wa Stanley Falls. Njia ya misafara ilikuwa pia njia ya pembe na ya watumwa, hata kama njo ilileta Kiswahili hiki tunasoma leo. Fundisho ni moja: mwenye kuonyesha njia iko na biashara yake. Hakuna ubaya mu kuwa na biashara. Ubaya ni wewe kusahau kama iko nayo.

Sasa tuingie mu muji. Hapa mimi nakataa kuongozwa siku muzima. Mwenye kukuongoza siku muzima atakupeleka fasi zile yeye anajulikana: duka la rafiki yake, ngada ya ndugu yake, resto yenye kumupa sahani ya bure. Utarudi Yanonge ukisema umeona Kisangani, kumbe umeona jamaa ya mutu mmoja.

Kwa miguu, muji unajieleza wenyewe. Anza asubuhi ku soko kuu, wakati mama wanashusha mizigo. Mama wa nyumba yako hahitaji kiongozi pale. Anajua bei ya samaki na ya pondu kushinda kila mutu. Kisha shuka paka ku katedrali ya Notre-Dame du Rosaire, kando ya muto, mukae mu kivuli. Vuka na pirogi paka Lubunga, komini moja tu yenye kuwa ngambo ya kushoto, na uonyeshe watoto stesheni ya reli. Waambie: juu pirogi na bato haviwezi kupita maporomoko, watu walijenga reli ya kilometa 125 paka Ubundu, na ilifunguliwa mu 1906. Hapo mutoto ataunganisha mwenyewe: maji ile aliona ku Wagenia njo sababu ya chuma hii. Hakuna mutu wa kulipwa anaweza kumupa furaha ile ya kuelewa peke yake.

Miguu ikichoka, toleka iko. Neno lenyewe ni la Lingala, maana yake “tupite”. Wakati wa vita, mafuta ilipokosekana, baiskeli hizi njo zilibeba muji. Leo moto ni nyingi, lakini toleka inabaki dawa kati ya kuongozwa na kupotea: mutu anakubeba, anajua njia, lakini wewe njo unasema wapi. Unalipa safari, haulipi siku yako.

Kuna jambo lingine. Safari ya kuongozwa inapenda mambo yenye kufurahisha: muto, samaki, picha. Muji wetu uko na mambo mengine, na watoto wa wachimbaji wanapashwa kuyajua. Hapa Lumumba alifanya kazi ku posta mbele ya kuwa mutu wa siasa, na hapa njo chama chake kilifanya kongre mu mwezi wa kumi wa 1959, watu wakakufa mu ghasia. Hapa, kutoka tarehe 5 paka 10 mwezi wa sita wa 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita kati ya nyumba za watu. Almasi ilikuwa moja ya sababu. Mu mwezi wa pili wa 2022, mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 juu ya madhara ya vita, na ndani yake milioni 60 ni juu ya mali ya asili. Muchimbaji akisoma hesabu ile, anajua mali ya asili ni nini: ni jiwe ile anatafuta mu kikombe cha muchanga.

Mambo haya hayauzwe ku bandari. Utayasikia kama umekaa na muzee mu parcelle, umemusalimia vizuri, umekunywa maji yake. Na hapo adabu inahitajika. Usimuulize mutu akuonyeshe kidonda yake kama sinema. Akitaka, ataongea. Asipotaka, ongeeni bei ya muchele, na ile nayo ni Kisangani.

Sasa nifike ku muonyesha-njia wa bure, juu yeye njo anakula falanga zaidi. Ni ndugu wa muji. Anakungojea ku bandari: “Yaya, karibu, usilipe mutu, mimi niko!” Moyo wake unaweza kuwa muzuri kabisa. Lakini hesabu na mimi: toleka yake na yako, chakula chake, bia yake na ya rafiki wawili waliokuja kukusalimia, kitu kidogo ya bibi yake. Magaribi ikifika, haujaona hata muto. Simukatazi mutu kulala kwa ndugu yake. Sisi si watu wa kupita mulango wa ndugu. Nasema tumuheshimu wazi: tumuletee samaki ao mafuta kutoka nyumbani, tukae naye magaribi, lakini muchana tumuambie, “Ndugu yangu, leo natembea na bibi na watoto.” Si matusi.

Na hatari kubwa iko hapa. Wengi wetu hatuendi Kisangani kutembea tu. Tuko na kitu kidogo ya kuuza ku kontwari. Mutu anayekuonyesha maporomoko asubuhi anaweza kukuambia saa sita: “Najua munuaji muzuri.” Siku ile umeunganisha kazi mbili mu mukono moja. Anajua unalala wapi, unatembea na nani, na sasa anajua uzito wa jiwe yako. Atapata kitu kwako, atapata kitu kwa munuaji, na wewe haujui bei ya kweli ilikuwa ngapi. Kwa hiyo, kazi ya kuuza iishe kwanza, na karatasi zako za uchimbaji ziko sawa, na mutu munayeaminiana mu kazi ile. Uulize bei ku nyumba mbili ao tatu. Kisha falanga iwekwe fasi salama, na kutembea kuanze siku ya pili. Mama wa nyumba ashike ile ya safari, hesabu yake inajulikana, na ikiisha, safari imeisha.

Kwa wenye kuogopa kupotea, dawa ni chache na hazina bei. Jua jina la avenyi na la komini ya fasi munalala, na watoto walijue kwa kichwa. Ulizeni njia kwa mama mwenye kuuza, si kwa kijana mwenye kusimama bure. Simu muiweke ndani mukikaribia daraja, bandari ao nyumba ya serikali, juu picha moja inaweza kuleta maneno mingi na wenye silaha. Mwanamuke akitembea peke yake, arudi mbele ya giza, na apande moto ya mutu ambaye jamaa inamujua.

Wengine watasema: maneno mingi juu ya siku mbili za kutembea. Hapana. Wazungu wanapita hapa Yanonge wakienda Yangambi kuangalia miti yetu, na wanarudi kwao kutufundisha ile waliona. Sisi tunaishi kando ya muto ule ule, na wengi wetu tunajua Kisangani kwa mambo tatu tu: bandari, kontwari na ngada. Mutoto wa muchimbaji anajua baba anaenda mu muji na anarudi bila kitu. Hajui muji ule uko na nini.

Basi musimu huu, mwenye kupata na apange. Alipe muvuvi wa Wagenia bila kunung'unika, saa moja ao mbili, na amusikilize vizuri. Kisha ashike mikono ya watoto na atembee. Wakipotea kidogo mu Mangobo ao Kabondo, watauliza njia, watajibiwa, na wataona kama muji huu ni wao pia.