Tundu Lisilozibwa



Mwezi uliopita tulikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwa mpwa wetu aliyehamia huko na pikipiki ya marehemu baba yake, Honda CG125. Aina hiyo ilianza kuundwa mwaka 1976, na wengi wetu tuliipanda utotoni, tumeketishwa juu ya tangi mbele ya wazee wetu. Tuliikuta ikinguruma kama trekta. Chini ya silensa palikuwa na tobo la kupita kidole, na shingoni, pale bomba la moshi linaposhikana na injini, pametapakaa masizi.

"Mjomba, mwaka huu nimeipeleka ikachomelewa mara mbili," alitulalamikia. "Na huku hakuna bahari. Kutu hii yatoka wapi?"

Swali lake lilikuwa na haki. Sisi wa pwani tumezoea kuilaumu chumvi ya bahari, ambayo hula chuma kwa nje. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na huko silensa huliwa kwa ndani. Petroli ikiungua huzaa mvuke: lita moja hutoa karibu lita moja ya maji. Pikipiki iendayo mbali hupata moto bomba lote, na mvuke wote ukatoka. Mpwa wetu humpeleka binti yake shuleni, mwendo wa dakika tano, kisha huizima. Kwa baridi ya asubuhi mvuke hugeuka maji ndani ya silensa, nayo maji hayo yana tindikali. Ndiyo sababu silensa nyingi huundwa na tundu dogo upande wa chini, kiasi cha milimita 3, ili maji yachuruzike. Fundi wa mara ya kwanza alidhani tundu hilo ni kazi ya kutu, akaliziba. Hatumlaumu sana, maana mshono wake ulikuwa safi. Ila aliyafungia maji ndani.

Safari hii tuliipeleka kwa fundi mzee wa jua kali. Siku hiyo hakugusa kabisa mtambo wa kuchomelea. Alizipaka nati mbili za shingoni mafuta ya kulainisha kutu, akatuambia turudi kesho. Tulimwona mvivu. Kumbe bolti zake zimeshikwa na kichwa cha injini, ambacho ni cha aluminiamu, na moja ikikatika kwa pupa, kuitoa kwaweza kugharimu kuliko bomba zima. Nati zilipolegea alilishusha bomba, akaliweka mbali na tangi la petroli, kisha akaligonga kwa nyundo ndogo kipande kwa kipande. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Paliposikika ubutu alikata mpaka akafikia chuma kizima, kwani kiraka kilichoshikizwa juu ya kutu hakidumu. Alichomelea kwa gesi, akihofia kwamba moto wa umeme ungelitoboa bomba jembamba kama lile. Kipande cha bati la kuezekea tulichomletea alikikataa: zinki yake ikiungua, moshi wake humtia fundi homa. Akatia gasketi mpya shingoni, na mwisho kabisa akachukua keekee akalirudisha lile tundu.

Lililotutisha zaidi tuliliona nyumbani. Kwa kuhofia wezi, pikipiki hulala ukumbini, na mpwa wetu akirejea msikitini alfajiri huiwasha humo humo ipate moto, ilhali watoto wamelala chumba cha pili. Moshi ule una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu usingizini asijue. Wala kuziba tobo hakuiondoi, kwa kuwa hata bomba jipya huitoa hewa hiyo kwa nyuma. Mama watoto alituambia kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akiamka na kichwa kizito, akidhani ni baridi ya Nakuru. Hatukungoja chai. Tulikubaliana pale pale kwamba pikipiki itasukumwa hadi uani, mlango ufungwe, ndipo iwashwe.

Juzi mpwa wetu alitupigia simu. Jirani alikuwa amemwita asubuhi kumwonya kwamba pikipiki yavuja mafuta. Alipoinama akayagusa matone yaliyokuwa chini ya silensa, yalikuwa maji.