Hujamwokoa, umemfunga



Juzi nilikuwa Kibondo kikazi. Wakati nasubiri gari la kurudi Kasulu, nikasogea kwenye kijiwe cha mafundi pikipiki kukwepa jua. Chini ya mwembe alikuwepo tumbili mdogo, amefungwa kamba kiunoni. Watoto wanamrushia maganda ya ndizi, anaruka, watu wanacheka. Akichoka kuruka anauzunguka mwembe mpaka kamba inaisha, halafu anazunguka kurudi. Pale chini pameshakuwa na duara la udongo mtupu, hata jani moja halioti.

Nikamuuliza fundi, "Kaka, huyu umemtoa wapi?"

"Mama yake alikuwa anatumalizia mahindi, mbwa wakamuua. Huyu tulimkuta kamng'ang'ania tumboni. Nimemwokoa mdogo wangu, porini angekufa huyu."

Nilikaa kimya. Jibu lile nililijua vizuri, maana na mimi nilishawahi kulitoa.

Nikiwa shule ya msingi pale Kasulu, nyumbani tulikuwa na tumbili. Alipatikana hivyohivyo, shambani, mama yake ameuawa. Tulimpa maziwa, ugali, ndizi. Nilimpenda kweli, alikuwa analala begani kwangu. Alipokomaa akamng'ata mdogo wangu mkononi, na tangu siku ile hakufunguliwa tena. Asubuhi moja tukamkuta amekufa, kamba imemnyonga. Nililia siku nzima nikiamini nimeonewa kwa sababu nimempoteza mnyama wangu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba aliyeonewa pale si mimi.

Hebu tujiulize, kosa letu lilikuwa nini? Hatukumpiga wala kumnyima chakula. Watu wengi wanadhani ukimlisha mnyama na kumpenda basi umemaliza. Lakini tumbili huishi kwenye kundi. Hujifunza kwa mama yake chakula kipi ni salama na adui ni yupi, na huchezea wenzake wa rika lake. Hayo yote hayapo kwenye sahani ya ugali. Tulimpa vitu vyetu, tukamnyang'anya vya kwake.

Sisi watu wa Kigoma ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua kuhusu sokwe ilitoka kwenye vilima vile. Mwaka 1972 sokwe jike mzee aliyeitwa Flo alikufa pale Gombe. Mtoto wake Flint alikuwa na miaka minane, si mchanga tena. Alikuwa na msitu wake, matunda na ndugu zake. Akaacha kula, akadhoofika, na wiki chache baadaye akafa. Kama Flint aliyekuwa huru nyumbani kwao ilikuwa hivyo, yule wa chini ya mwembe anabeba nini moyoni?

Na sokwe mchanga haokotwi njiani. Mama yake hamwachi, kwa hiyo anayemtaka mtoto humuua mama kwanza. Anayempenda mtoto na kumnunua, hata kwa huruma, analipia kifo hicho. Muuzaji hajui habari ya huruma yako. Anachojua ni kwamba bidhaa imetoka, na kesho atarudi porini kutafuta nyingine.

Tena mzigo wake hauishi upesi, maana sokwe anaweza kuishi miaka hamsini. Majirani zetu wa Burundi waliuona mzigo huo. Jijini Bujumbura kulikuwa na kituo cha muda cha sokwe waliokuwa wametolewa mikononi mwa watu. Vita ilipolipuka mwaka 1993, wakati maelfu ya Warundi wanavuka mpaka kwa miguu kuingia Kibondo na Kasulu, sokwe nao ikabidi watafutiwe pa kukimbilia. Kati ya mwaka huo na 1995 walihamishiwa hifadhi ya Sweetwaters huko Laikipia, Kenya, nchi ambayo haina sokwe wa asili hata mmoja. Wakawa wakimbizi kama wakimbizi wengine, tofauti yao ni kwamba hata amani ikirudi wao hawawezi kurudi kwao. Sokwe aliyelelewa na watu hajui tena kuishi msituni.

Najua kuna mtu ataniambia, "Wewe msomi, watu wana shida zao, unatuletea habari za nyani!" Hoja hiyo naiheshimu. Mkulima anayeliwa mahindi yake ana haki ya kuyalinda, na asiyewahi kulinda shamba asimhukumu. Mimi siongelei kulinda shamba. Naongelea kile kinachofuata baada ya mahindi kupona, pale tunapomchukua yatima tuliyemfanya yatima sisi wenyewe, tukamfunga kamba, halafu tukajiita waokozi.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na kuwafuga bila kibali ni kosa. Ukimkuta mtoto wa mnyamapori, mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya mapema, kabla hajakuzoea.

Lakini tusimalizie kwa tumbili tukajiona watakatifu. Mbwa ni tofauti, maelfu ya miaka ameishi na binadamu, na nyumbani kwako ndiko kwao. Kwa hiyo kumfuga si dhambi. Ila mbwa wangapi Kasulu wanashinda kwenye banda la bati juani, bila maji, usiku ndio wanafunguliwa walinde mali? Wangapi hawajawahi kuchanjwa, wakati kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona? Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Wangapi tunaijua?

Kipimo changu siku hizi ni kimoja. Kabla ya kufuga mnyama yeyote najiuliza: nikiifungua hii kamba, atabaki? Mbwa anayetunzwa vizuri hubaki. Tumbili wangu asingebaki, na nadhani hata utotoni nililijua hilo, ndiyo maana kila jioni nilikuwa nakagua fundo.

Pale Kibondo gari lilipofika nilimwachia yule fundi namba ya ofisa wanyamapori, nikamsimulia kwa kifupi habari za tumbili wetu. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akarudi kwenye pikipiki yake. Nilipochungulia dirishani, tumbili alikuwa bado anauzunguka mwembe.

Naomba kutoa hoja.